Kifurushi cha Hali Zote za Hewa

Jumatano, 9 Aprili

Asubuhi jua. Saa nne mvua. Saa sita jua tena, na kaunta ya duka langu imejaa wateja wanaouliza kwa nini nguo zao hazijakauka. Nimewaambia mimi dobi tu, mawingu hayachukui amri kwangu. Hawakuridhika.

Lakini keshokutwa tunasafiri! Mimi, mke wangu, na kaka yake, yaani shemeji yangu, ambaye ndiye mwenye gari na hapitishi saa bila kutukumbusha. Tunakwenda shamba, nyumba ya wageni iliyo chini ya kilima, mpaka Jumatatu. Mke wangu ni muuguzi. Wodi yao imepungukiwa watu, zamu za usiku zimemmaliza, macho yake mekundu kama ya mtu aliyekata vitunguu. Leo jioni ameniketisha sebuleni, akanishika mkono. Akasema hataki zawadi wala maua. Anataka siku nne bila mpango wangu hata mmoja. Akasema, tena kwa upole, kwamba likizo hii ikiharibika kama ile iliyopita, zote zitakazofuata atakwenda na dada yake, na mimi nitabaki na pasi zangu.

(Likizo iliyopita nilikuwa najua njia ya mkato. Tulilala garini, ndani ya machimbo ya kokoto. Yatosha.)

Nimeapa! Mkono juu. Hakuna mpango.

Hazikupita dakika nyingi, akaingia Shemeji. Eti buti ya gari lake imejaa spika zake za muziki, kwa hiyo kila mtu abebe kitu kidogo. Kisha akanitazama, akacheka, akasema dobi hajui kusafiri mwepesi, nitakuja na beseni na kamba ya kuanikia. Mbele ya mke wangu! Akaonyesha simu yake: mvua mpaka Jumatatu. Nikamwambia redio imesema jua. Akasema redio yangu ni nzee kuliko mimi.

Damu ikanichemka. Nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba nitafunga nguo za jua, za mvua na za baridi, za watu wawili, kwenye kifurushi kimoja ambacho yeye atakishika kiganjani. Mke wangu akageuka kuniangalia. Nikamwambia huo si mpango. Huko ni kufungasha tu.

Alhamisi, 10 Aprili

Kazi ya sanaa! Nasema bila kujisifu. Aa, najisifu.

Nimelipiga pasi koti langu la mvua mpaka likawa jembamba kama bahasha. Sweta langu jipya nimelikunja mikono ndani. Suruali tatu, mashati, pajama yangu ya maua. Nguo za mke wangu pia. Nilipomwomba anipe za kubeba, alinipa bila ubishi, kutoka chini kabisa ya kabati. Bila ubishi! Nimeichukua kama dalili ya imani. Vyote nikavipanga, nikaviwekea ubao, nikamwomba mpigaji pasi wangu aukalie. Tunamwita Mama Pasi. Ni mama mwenye mwili wake, na alipokaa nilisikia hewa ikitoka. Karatasi ya kaki, kamba, fundo. Kifurushi kikawa saizi ya mto wa kulalia.

Tatizo likaja. Mama Pasi akauliza ni cha mteja gani. Sasa, Mama Pasi na mke wangu wanasuka nywele kwa msusi mmoja. Nikimwambia ukweli, kesho yake mke wangu anajua kwamba ile "kufungasha tu" ilihitaji ubao na mtu wa kuukalia. Nikaangaza macho kwenye rafu. Pale palikuwa na sare za bendi ya tarumbeta inayopiga kwenye harusi Jumamosi: kifurushi kimoja cha makoti, kimoja cha suruali. Nikachukua kibandiko, nikaandika BENDI, nikabandika kwenye changu, nikakitia katikati ya vyao. Nani atashuku kifurushi cha tatu cha bendi?

Mama Pasi akasema basi nikitie hata alama ya wino, maana vyote vitatu vinafanana. Nilicheka. Ndiyo fahari ya duka hili, mama! Vifurushi vyangu havina tofauti hata ya unywele. Mimi mwenyewe nitakijua kwa kukishika.

Ijumaa, 11 Aprili

Naandika nikitetemeka. Nianze mwanzo.

Asubuhi jua la kufurahisha. Nikavaa suruali nyeupe na shati jepesi, makusudi, ili Shemeji aone. Nikapita dukani. Mama Pasi akasema mtu wa bendi alikuja mapema na risiti ya vifurushi viwili, akachukua viwili, akaondoka mbio. Kimebaki kimoja. Nikakishika. Nikakijua papo hapo. Nilikiona kizito kidogo kuliko jana, nikajipongeza kwa wingi wa vitu nilivyoweza kushindilia.

Mke wangu akatoka na begi lake la zamu begani, lile kubwa la kwendea hospitali. Nikampa somo. Nikamwambia kazi aiache kazini, huku tunakwenda kupumzika, na kila anachohitaji kiko humu. Akasema begi hilo likiwa karibu yeye hulala vizuri zaidi. Nikamwachia. Mume mwema hupunguza maneno. Shemeji alikipokea kifurushi kiganjani, akakipima, akanyamaza. Akanyamaza! Ushindi mkubwa wa maisha yangu.

Ulidumu mpaka tulipoiacha lami. Mvua ikashuka kama imetumwa. Gari likazama kwenye tope. Shemeji akasema lazima yeye ashike usukani, kwa kuwa gari ni lake. Nikasukuma. Gurudumu likazunguka, tope lote likanijia mimi. Suruali nyeupe ikawa na rangi ya barabara mpaka kiunoni. Nikawaambia wasiwe na wasiwasi, tuna kifurushi.

Tukafika. Baridi ya kuuma masikio. Nikawakusanya chumbani, mke wangu kitandani, Shemeji mlangoni. Nikakata kamba kwa meno, kwa mbwembwe.

Nyekundu.

Makoti tisa mekundu, vifungo vya dhahabu, vishada mabegani. Suruali hakuna. Sweta hakuna. Pajama hakuna. Shemeji alitoka nje kwenda kucheka, na ukuta wa chumba hiki ni mwembamba. Mke wangu akayatazama makoti, akanitazama mimi, akaniuliza taratibu kama kila kitu kinakwenda kama nilivyopanga.

Ningeweza kusema. Neno lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Badala yake nikasema ndiyo, hasa. Nikasema haya makoti ni ya sufu nzito, nimeyachagua mwenyewe kwa hali hii ya hewa. Akaniangalia kwa muda. Akasema haya. Akafungua begi la zamu, akatoa sweta lake, koti lake la mvua, mabuti yake ya mpira, chupa ya chai na riwaya. Sindano hata moja sikuiona!

Nimelala ndani ya makoti mawili. Vifungo vinanichoma mbavu. Katikati ya usiku nilimsikia mke wangu akiamka, nikahisi amesimama karibu yangu. Nikamwambia gizani, bila hata kuulizwa, kwamba sufu hii inapasha joto ajabu. Akarudi kulala.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua. Jua. Mvua yenye jua. Suruali nyeupe nimeifua mwenyewe na imekataa kukauka. Sasa najua wateja wangu huwa wanajisikiaje. Mwenye nyumba ya wageni, mama mmoja mkarimu, ameniazima suruali ya mume wake ya kukamulia ng'ombe. Imeishia juu ya vifundo vya miguu yangu. Juu, koti jekundu na vishada.

Nilikuwa napita uani, sina hili wala lile, gari likaingia. Akashuka mzee mmoja mnene, akanipa masanduku mawili, akasema chumba namba nne, nisiyaburuze. Nikayabeba! Ningeanzia wapi kumweleza? Alishatangulia. Mke wake akaagiza maji ya moto. Nikapeleka. Mwenye nyumba, alipoona nina mkono mwepesi, akaniomba nipeleke chai chumba namba mbili. Shemeji alikuwa kibarazani chini ya mwavuli wake. Ametafuta kengele ndogo, sijui ameitoa wapi, na sasa akiitaka sukari anaipiga.

Mtandao wa simu unapatikana juu ya jiwe moja tu, nyuma ya zizi. Nikapanda, nikampigia Mama Pasi. Akasema hata nisianze na salamu. Kiongozi wa bendi, tunamwita Kapteni, jitu lenye tarumbeta kubwa kuliko mlango wangu, alifungua kifurushi cha pili nje ya ukumbi wa harusi, maharusi wakiwa wanashuka garini. Chini wote walikuwa na suruali zenye mstari wa dhahabu. Juu waligawana vyangu. Mpiga ngoma alivaa pajama ya maua. Mwembamba wa filimbi alivaa blauzi ya mke wangu. Kapteni hakikumtosha kitu isipokuwa koti langu la mvua. Akalivaa, akalifunga mpaka shingoni, akapiga tarumbeta mchana kutwa kwenye jua kali. Maana huko mjini, akasema Mama Pasi, jua lilikuwa la redio.

Nikauliza kama Kapteni ameuliza nilipo. Akasema ndiyo. Nikauliza alimjibu nini. Akasema amemchorea na ramani.

Nikiwa juu ya jiwe mvua ikanikuta. Nikarudi nimelowa mpaka kwenye soksi. Mke wangu alikuwa kibarazani, miguu juu ya kiti, riwaya mkononi, sweta limemkaa vizuri. Ule wekundu wa macho umeanza kupungua, nimeona. Akaniuliza kama kuna kitu ningependa kumwambia. Nikasema hakuna, nilikwenda kuangalia mandhari. Akauliza kama nasikia baridi. Mimi? Baridi? Meno yalikuwa yanapiga kuliko ile bendi.

Nimeamua kufa na tai shingoni. Hata tai zenyewe ziko harusini.

Jumapili, 13 Aprili

Kapteni anakuja leo. Nimejikaza kisabuni. Nimesema, akifika ayakute makoti yake safi kuliko alivyowahi kuyaona. Huu si mpango, ni kazi yangu.

Asubuhi jua likatoka. Nikayapangusa madoa ya tope na chai, nikayaanika yote tisa uani, hata lile nililokuwa nimevaa. Ile suruali ya ng'ombe nayo nikaona niisuuze, nimrudishie mwenyewe kwa heshima. Nikabaki na taulo la chumba. Kijua kizuri. Nikafumba macho kidogo.

Upepo! Wa ghafla, wa kuezua paa. Nilipofumbua macho kamba ilikuwa tupu na makoti tisa yalikuwa yanaondoka kuelekea kwenye viazi, vishada vikipepea, kama bendi imeamua kwenda bila watu. Nikakimbia. Mkono mmoja taulo, mkono mmoja makoti. Ng'ombe wakaniona, wakaona na nyekundu. Nao wakakimbia, ila sikuelewa kama wananikimbia au wananikimbiza. Mzee wa namba nne akafungua dirisha akamlalamikia mwenye nyumba kwamba mhudumu wake yuko shambani nusu uchi.

Hapo ndipo Kapteni alipoingia getini. Ndani ya koti langu la mvua, limembana, limefungwa mpaka shingoni.

Aliyoyasema sitayaandika, shajara hii ni ya mtu mwenye familia. Kwa kifupi: katika miaka yake yote ya tarumbeta hajawahi kuona bibi harusi akicheka mpaka akakaa chini. Na kuanzia leo sare zao anazipeleka kwa dobi wa upande wa pili wa barabara. Yule! Anayekunja mashati kama anafunga takataka! Nikafungua mdomo kusema kwamba kila kitu kimekwenda kama nilivyo… Nikaufunga.

Mke wangu akaja uani na mabuti yake. Akamvutia Kapteni kiti. Akamsaidia kulivua lile koti, kifungo kimoja kimoja, kama anamvua mgonjwa bandeji. Akampa chai ya kwenye chupa yake, akamwomba amsimulie harusi tangu mwanzo. Alipofika kwenye mpiga ngoma na pajama, wote wawili walikuwa wanajifuta machozi. Shemeji akaanguka na kiti. Walicheka wakinitazama mimi na taulo langu, na nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi kidogo kumwona mke wangu akicheka vile. Sijamwona hivyo tangu wodi ipungukiwe watu.

Kapteni amesamehe. Sare zitabaki kwangu, nitazifua bure mwaka mzima. Ameondoka na makoti yake tisa, moja lina alama ya meno ya ng'ombe. Ameniachia koti la mvua. Tangu alipotoka getini, mbingu nyeupe, hakuna hata tone.

Jumatatu, 14 Aprili

Nyumbani.

Mke wangu alimwaga begi la zamu kitandani ili apange vitu. Sweta lake. Riwaya. Chupa. Na chini kabisa, limekunjwa mikono ndani kwa mtindo wangu mwenyewe, sweta langu la kahawia. La zamani, ninalolipenda. Na suruali yangu. Na soksi zangu nene.

Nikauliza vimefikaje humo. Akasema alivitia Jumatano usiku, nilipomaliza kuapa.

Nikasema mbona sasa… nilikaribia kuganda! Akakaa kando ya vile vitu. Akasema alikuwa anangoja neno moja tu. Niseme nimeshindwa, au nimeharibu, au nasikia baridi, lolote, angenipa papo hapo. Akaniuliza Ijumaa, akaniuliza Jumamosi. Ijumaa ile usiku alinisikia natetemeka, akaamka akalitoa sweta, akaja nalo mpaka kitandani kwangu. Ndipo nikasema sufu inapasha joto. Basi akarudi nalo.

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nilimwona amesimama gizani na sweta langu mkononi, na mimi nambwabwajia habari za sufu.

Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, kama likizo ijayo ni ya dada yake. Akafikiri. Akasema amelala vizuri, amesoma riwaya yote, na amecheka mpaka mbavu zikamuuma, kwa hiyo hesabu haimpi jibu la moja kwa moja. Tutakwenda wote. Sharti moja. Nikiharibu, nimwambie. Nikisikia baridi, niseme nasikia baridi. Asilazimike kunisoma kama kipimajoto.

Nikaahidi. Mkono juu. Safari hii kwa moyo wote, jamani.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Duka baridi kama ndani ya kisima.

Nimetafakari sana, maana mtu lazima ajifunze kutokana na makosa. Na nimeliona kosa. Kosa lilikuwa kibandiko. Nani aliniambia niandike BENDI? Safari ijayo nitaandika HOSPITALI, nitakitia kifurushi moja kwa moja ndani ya begi la zamu, na hakuna mtu wa harusi atakayekigusa. Nimeshamwomba Mama Pasi akalie ubao kwa majaribio. Amekataa. Nitamtafutia sababu.

Mke wangu amepiga simu sasa hivi kutoka wodini. Ameuliza kama nimekumbuka kulichukua lile sweta la kahawia alilonitundikia mlangoni, maana leo baridi kali. Nimemwambia bila shaka, ninalo mwilini, limenipasha joto ajabu. Akasema haya.

Naandika haya nimejifunga mapazia ya mteja. Ni ya velveti. Nimeyachagua mwenyewe.